Jina la Tatu

Chuoni walimwita Mzee Chupa, na alikuwa ameshalizoea jina hilo kiasi kwamba ukimwita kwa jina lake la kweli angechelewa kugeuka. Kazi yake ilikuwa kuosha. Alikuwa amekaa miaka thelathini na mmoja kwenye sinki la maabara ya ghorofa ya pili, na alichovuna ni vidole vilivyochunika na pua isiyosikia tena harufu ya kitu chochote. Usimcheke. Mirija ya kioo aliyoiosha yeye, ukiinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, huoni hata alama ya tone. Alipostaafu, sinki lilijaa wiki tatu, wahadhiri wakaanza kugombana, na mwisho wakamfuata nyumbani kumrudisha kwa mkataba. Hakujifanya ana shughuli nyingine. Alivaa viatu siku ileile.

Ukweli ni kwamba nyumbani hakukuwa na mtu. Vyumba viwili, viti viwili, na mke wake alikuwa amefariki miaka minane nyuma. Asubuhi akitoka alikuwa anaiacha redio imewashwa, ili akirudi akute watu wanaongea ndani. Akipika chakula kinabaki, kwa sababu mpaka leo anapimia wawili, na kila siku anajisema mwenyewe kwa kupimia wawili, na kesho yake anapimia wawili tena. Jumapili nzima ilikuwa inaweza kupita hajatamka neno. Jumatatu akimsalimia mlinzi wa getini, sauti inatoka inakwaruza, mlinzi anamwambia, "Pole na mafua, mzee," naye anasema asante.

Likizo ndefu ya mwaka ule, mhadhiri mmoja mwanamke, kijana bado, ambaye wote walimwita Daktari, alianzisha kozi ya wanafunzi wa sekondari. Wiki mbili, watoto ishirini na wanne, kujifunza uhandisi wa viumbe kwa mikono yao wenyewe. Mzee Chupa alimwuliza hicho ni kitu gani, maana uhandisi alioujua yeye ni wa madaraja na mabomba.

"Na mwili nao una mabomba yake, mzee," Daktari alimwambia. "Moyo ni pampu, goti ni bawaba. Kikiharibika kitu, lazima awepo fundi wa kukitengeneza. Sasa nataka hawa watoto wajue kwamba ufundi huo upo."

"Basi goti langu la kushoto liweke kwenye orodha."

Daktari alicheka, akampa orodha ya kweli, ya wanafunzi, awaandikie vibandiko vya makoti. Mzee alikuwa na mwandiko mzuri, kazi ya kuandika lebo za chupa miaka yote hiyo. Fomu ya chuo ilitaka majina matatu: lako, la baba yako, la babu yako. Aliandika kumi na saba bila matatizo. Alipofika la kumi na nane, kalamu ilisimama. Jina la kwanza lilikuwa la msichana. La pili lilikuwa la mwanawe, marehemu. La tatu lilikuwa lake yeye mwenyewe.

Alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Majina yalikuwa palepale.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, na sitampamba, kwa sababu hata yeye mwenyewe hajipambi. Mzee huyu alikuwa na mdomo. Miaka kumi na tatu kabla ya hapo, mtoto wake wa pekee aliugua siku nne akafa, akaacha mke na kabinti ka miaka miwili. Msiba ulipoisha, ndugu walikaa sebuleni kuzungumza mambo ya mjane. Yule mkwe akasema kwa adabu zote kwamba anaomba arudi kwa wazazi wake na mtoto wake, akapumzike. Mzee alichosikia ni kwamba anaachwa. Alikuwa amempoteza kijana wiki ile ile, na sasa wanamchukulia na mjukuu. Hasira zikampanda, akasema mbele ya watu wote, "Aende naye. Kwanza huyo mtoto si wa mwanangu. Si damu yetu."

Alijua anasema uongo. Alijua neno likiwa bado mdomoni, na likatoka. Mkwewe alimfunga mtoto mgongoni, akachukua begi moja, akatoka. Mke wa mzee alimsihi amfuate akaombe radhi, na mzee akasema ataenda kesho. Kesho hiyo ikawa wiki, ikawa mwaka. Mama wa watu alikufa anamwulizia huyo mjukuu. Sasa mtu wa namna hiyo umwambie nini? Kiburi kilimla akabaki yeye na redio.

Na yule mkwe, pamoja na yote aliyoambiwa, alikuwa amemwandikisha mtoto shule kwa jina la tatu.

Kozi ilianza Jumatatu. Mzee alifika kabla hata geti halijafunguliwa, akapanga makoti ishirini na manne kwenye meza, na lile la kumi na nane akalipiga pasi mara ya pili. Watoto wakapanda ngazi kwa kelele, wakamkuta amesimama mlangoni, na kila aliyepita akamwamkia kama wanavyomwamkia mzee yeyote.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu."

Akaja mmoja mrefu, mwembamba, begi limeshonwa kwa mkono kwa vipande vya vitambaa, akachukua koti la kumi na nane. Alikuwa na paji la uso la mwanawe, na mwendo wa mkewe, ule wa kutupa miguu nje kidogo. "Shikamoo, babu," akasema, macho yakiwa kwenye mashine za maabara. "Marahaba, mjukuu wangu," akajibu mzee. Msichana akapita. Kuitwa babu, kitu alichokuwa anakililia miaka kumi na tatu, alikuwa amekipata mara ishirini na nne asubuhi moja, na hakikuwa na uzito wowote.

Alijipa wiki mbili. Ijumaa ya pili wazazi wangekuja kuona kazi za watoto wao, na baada ya hapo binti angerudi kwao na asimwone tena. Kabla ya siku hiyo lazima amwambie: mimi ni baba wa baba yako, na siku ya msiba nilikukana. Yote mawili. Hilo la kwanza alikuwa tayari kulisema hata saa hiyo. La pili ndilo lililomshinda.

Msichana yule alikuwa anauliza kila kitu, hadi wenzake siku ya pili wakawa wameshampa jina, Maswali. Kwa nini gundi hii isiingie mwilini? Goti la chuma likipata kutu inakuwaje? Mwenye mguu wa bandia akiota ndoto, anaota ana miguu mingapi? Daktari alimjibu alichokijua, na asichokijua akasema hakijui. Mzee alikuwa anasikiliza kutoka kwenye sinki, maji ameyapunguza yasipige kelele.

Siku ya tatu walitoa vinasaba vyao wenyewe. Kazi hiyo haina ukubwa wa kutisha. Unasukutua maji ya chumvi, unatema kwenye kikombe, unatia sabuni ya maji kidogo, unahamishia kwenye mrija, halafu unamimina spiriti baridi taratibu ubavuni mwa mrija. Pale vinapokutana, zinaanza kupanda nyuzi nyeupe, laini, zinaelea. Mzee ndiye aliyekuwa ameipoza spiriti kwenye friza tangu jana yake, na ndiye aliyewafundisha kumimina bila kutikisa, maana wenyewe walikuwa wanamwaga kana kwamba wanazima moto.

"Humo kuna maandishi," Daktari aliwaambia. "Nusu umepewa na mama yako, nusu na baba yako. Na baba yako naye alipewa na wake."

"Kwa hiyo karibu robo yangu ni ya babu?" akauliza Maswali.

"Karibu robo, ndiyo. Iwe umewahi kumwona au hujawahi."

Maswali alitazama mrija wake kwa muda, kisha akageukia sinki. "Babu, na wewe sukutua. Tuone za wazee zikoje."

Darasa likashangilia. Mzee alikataa, akasema meno yenyewe yaliyobaki ni ya kuhesabu, lakini walishamletea kikombe. Akasukutua, akatema, akamimina mwenyewe, taratibu. Nyuzi zikapanda. Maswali akauandika mrija BABU kwa kalamu ya wino mzito, akauweka kwenye kishikio pembeni ya wa kwake.

"Zimefanana," akasema.

"Kwa macho zote zinafanana," Daktari alimwambia. "Hata za ndizi. Kujua nani ni wa nani, hapo unahitaji mashine."

Mzee hakuhitaji mashine. Alirudi kwenye sinki akaosha mirija ishirini na mitatu. Miwili ile aliiacha kwenye kishikio mpaka asubuhi, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu aajiriwe. Asubuhi alipoimwaga alifungua maji mengi ili amalize haraka.

Wakati wa mapumziko siku hiyo Maswali alimkuta kwenye ngazi anakula alichobeba kutoka nyumbani, akakaa chini yake ngazi mbili. Hakuwa na haya ya kukaa na wazee. Alimweleza kwamba mama yake ni fundi cherehani, kwamba begi lake ni mabaki ya nguo za wateja. Mzee akauliza kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "Na babu zako wapo?"

"Wa kwa mama yupo. Wa kwa baba, mama anasema hajaja."

Hakusema hakuja. Hakusema haji. Alisema hajaja, neno la mtu ambaye mlango wake haujafungwa. Mzee alishindwa kutafuna. Miaka yote hiyo alidhani kule anatajwa kwa laana, kumbe anangojewa, na mtoto amelelewa akimsikia kama mgeni aliyechelewa njiani.

"Babu, na wewe jina lako nani?" Maswali akamwuliza. "Wote wanasema Mzee Chupa, lakini hakuna mtu anayezaliwa anaitwa Chupa."

Hapo ndipo palipokuwa pake pa kusema. Jina tu, neno moja, na mtoto mwenye akili kama yule angemaliza mwenyewe. Ngazi zilikuwa tupu. Lakini baada ya jina angeuliza, kwa nini hujaja? Mzee alifunga kopo lake la chakula, akasema, "Niite Babu tu, inatosha." Na akacheka, mwoga huyo.

"Haya, Babu," akasema msichana, akanyanyuka.

Wiki ya pili ilikuwa ya mikono. Kila kundi lilitengeneza mkono wa kadibodi: vidole vimekunjwa kwenye viungo, vipande vya mirija ya kunywea soda vimegundishwa juu ya kila pingili, uzi umepitishwa ndani hadi kwenye kifundo. Ukivuta uzi, kidole kinajikunja. Sharti la Daktari lilikuwa moja, mkono uweze kunyanyua chupa tupu ya maji. Mkono wa kundi la Maswali ulikunja vidole vyote vizuri, lakini chupa ikawa inaponyoka. Alhamisi mchana wenzake walikwenda kula, yeye akabaki nao mezani, amekunja uso vilevile alivyokuwa anaukunja baba yake redio ikimshinda kufungua.

Mzee alikausha mikono, akasogea. "Dole gumba lako linakunjia upande mmoja na wenzake," akamwambia. "Linawaiga. Halina wa kukutana naye. Lilete kutoka pembeni."

Wakalikata, wakaligeuza. Msichana alishika uzi, mzee akashika gundi, vichwa vimekaribiana. Kesho ilikuwa Ijumaa. Akapiga moyo konde.

"Mwanangu," akasema. "Mimi ni babu yako."

"Ndiyo, babu. Bana hapa, gundi haijashika."

"Nasema mimi ni babu yako kweli."

"Najua, babu. Sisi wote ni wajukuu zako, Daktari mwenyewe anasema usingekuwepo wewe kozi isingeenda." Akavuta uzi. Dole gumba likaja kutoka pembeni, likakutana na vidole, na chupa ikanyanyuka kutoka mezani, ikabaki hewani. Maswali alimgeukia na tabasamu lililojaa uso mzima. "Asante, babu."

Lugha yetu ni ya ukarimu kupita kiasi. Imempa kila mzee wa mtaani wajukuu, na siku mwenye mjukuu anapotaka kumdai wake, neno limeshatumika. Ilibidi aongeze maelezo, aseme baba yako alikuwa fulani, ataje na msiba. Wenzake Maswali wakarudi kutoka kula, wakaanza kupigania zamu ya kuvuta uzi. Mzee akarudi kwenye sinki. Nilishasema alikuwa na mdomo, lakini siku ulipohitajika haukuwepo.

Ijumaa wazazi walijaa maabara nzima. Mikono sita ya kadibodi ilinyanyua chupa, watu wakapiga makofi. Mzee alikuwa amesimama karibu na mlango wa stoo alipomwona mkwewe. Alikuwa amenenepa kidogo, mvi chache mbele, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni, alikuwa ameisahau. Naye alikuwa ameshamwona. Alipita katikati ya watu hadi pale alipo.

Zamani alikuwa anamwita baba. "Shikamoo, mzee," akasema.

"Marahaba."

"Nilijua uko hapa. Nilijua tangu anajaza fomu." Alikuwa anaongea kwa sauti ndogo, ya kawaida. "Kila jioni nilikuwa namwuliza, leo kumetokea nini? Ananiambia nyuzi, ananiambia mirija, ananiambia kuna babu mmoja anayejua kila kitu. Nasubiri anieleze zaidi. Wiki mbili, mzee. Umemwambia?"

"Nilimwambia mimi ni babu yake."

"Kila mtu ni babu yake. Na yale mengine?"

Mzee akaiangalia mikono yake iliyochunika.

Mama akageuka akamwita mtoto. Maswali akaja mbio na mkono wa kadibodi kifuani. "Mama, ndiye huyu babu niliyekuwa nakwambia."

"Anataka kukwambia kitu," mama yake akasema. "Msikilize mpaka mwisho."

Kwa hiyo alisema. Alisema akiwa ameshika fremu ya mlango wa stoo, na nyuma yao watu wanapiga picha. Akamtajia jina lake, la kweli, na msichana akashtuka kwa sababu alikuwa ameliandika kwenye madaftari yote tangu darasa la kwanza. Akasema mimi ndiye baba wa baba yako. Akasema siku ya msiba nilisema mbele ya watu kwamba wewe si wa kwetu, na nilijua kwamba ni uongo, na sikuja kuomba radhi kwa sababu niliona aibu, kisha nikaizoea aibu. Akasema bibi yako alikuulizia mpaka mwisho. Hakutia chumvi na hakupunguza. Alipomaliza, koti lake lilikuwa limelowa mgongoni kwa jasho.

Maswali alikuwa kimya. Mzee alikuwa hajawahi kumwona kimya. Mkono wa kadibodi ulikuwa umeinama, vidole vimelegea.

"Ya msibani siyakumbuki," akasema hatimaye. "Nilikuwa mdogo. Lakini mimi nilikuuliza jina lako."

"Uliniuliza."

"Pale kwenye ngazi. Nikakuuliza."

"Ndiyo, mwanangu."

"Na ulikuwa unajua mimi ni nani."

"Tangu kabla hujafika."

Alitikisa kichwa kidogo, akavua koti, akalikunja vizuri kwa mikono yenye adabu ya nyumba ya fundi, akampa. Sauti yake haikuwa na ubaya wowote. Alimwangalia machoni akasema, "Kwaheri, mzee."

Akatangulia mlangoni. Mama yake alibaki hatua moja nyuma, kama anayetafuta cha kusema, na alichokipata ni hiki: "Umesema. Nilidhani hutasema." Kisha naye akamfuata mwanawe.

Watoto wengine walikuwa bado wanatoka, na kila mmoja akawa anarudisha koti lake kwenye mikono ya mzee, juu ya lile la kwanza. Kwaheri, babu. Kwaheri, babu. Tutaonana, babu. Aliwaitikia wote bila kumruka hata mmoja, kwa majina waliyokuwa wamepeana, mpaka wa mwisho akashuka ngazi. Kisha akaenda dirishani, akawaona wale wawili wakitoka getini, msichana mbele, anatupa miguu nje kidogo. Alisubiri aone kama atageuka. Hakugeuka.